Kifuniko Nilichosahau Kukaza

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu, na mmeniomba kwa Kiingereza kama kawaida yenu. Nawajibu kwa Kiswahili kwa sababu najua mnakielewa vizuri, hata mkijifanya hamkisikii mnapotumwa dukani. Wawili kati yenu mmeanza kujifunza ufundi mwaka huu, mmoja wa magari, mwingine wa lifti. Nyinyi wawili ndio hasa ninaowaandikia. Wengine someni mcheke, maana mengi yaliyonipata ni ya kuchekwa.

Kwa miaka ishirini na mmoja nilikuwa fundi wa injini za boti kwenye karakana moja pale Brentford, mahali mfereji unapoingia mto Thames. Na mimi ni Mgogo wa Dodoma. Kwetu mto ni mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ukitaka maji unachimba. Sikujua kuogelea nilipoanza kazi hiyo, na mpaka nimestaafu sijajua.

Tulikuja huku kwa ajili ya kazi ya Mama Upendo, ambaye mnamjua kuwa ni muuguzi. Mimi Dodoma nilikuwa fundi wa malori na mashine za kusaga. Huku nikaanza kwa kufagia wodi. Siku moja ya mapumziko nilikuwa natembea kando ya mfereji, nikasikia mlio wa mashine ya kusaga mahindi. Nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake la nyumbani. Nikaufuata ule mlio mpaka kwenye karakana, nikamkuta mzungu mmoja mnene ameinamia injini ya boti, anaitukana taratibu. Injini ilikuwa ya aina ileile waliyotumia wasagishaji kwetu, na ilikuwa inakohoa. Nikasikiliza kidogo, nikamwonyesha kwa kidole nozo ya silinda ya pili. Alinitazama, akanipa spana. Huyo ndiye Gordon, na wiki mbili baadaye niliurudisha ufagio wa watu.

Gordon hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku yangu ya tatu niliteleza kwenye ukingo nikatumbukia mfereji, na koti na viatu. Nikapiga kelele, nikapigapiga maji, nikaanza kumkabidhi Mungu roho yangu. Gordon alikuwa anakunywa chai. Aliniangalia kwa muda, kisha akaniambia nisimame. Nikasimama. Maji yakanifika kiunoni. Mfereji ni hivyo, wanangu, hakuna haja ya kuuogopa. Mto ndio wa kuogopa, na habari yangu leo ni ya mto.

Kila mwaka, shule zikishafunguliwa na watalii wamepungua, wateja wetu walikuwa na safari yao. Walikuwa watu wanaoishi kwenye boti, zile nyembamba za chuma ndefu kama behewa, wengi wao wazee waliostaafu. Walikusanyika boti sita au saba, wakatoka Brentford wakapanda Thames kwenda Oxford, kisha wakarudi London kwa mifereji kabla malango ya maji, yale yanayopandisha na kushusha boti, hayajafungwa kwa matengenezo ya baridi. Wiki tano, wakati mwingine sita. Sisi tungeyaita majira yale vuli, ingawa vuli tunayoijua sisi huleta mvua na kijani, na hii ya huku hupukutisha majani yote ya nchi na kuyamwaga mtoni. Karakana ilitoa fundi mmoja wa kwenda nao. Magoti ya Gordon yalikuwa yamechoka kurukaruka ukingoni, kwa hiyo akanituma mimi.

Niwape elimu kidogo hapa. Adui wa boti wakati huo ni majani. Yanalala chini ya maji kama uji, yanajizungusha kwenye pangaboi, lile feni la chini ya maji linaloisukuma boti, na boti inaanza kwenda kama mtu aliyeshiba ubwabwa. Asiyejua anaongeza mafuta. Anayejua anatoa gia, anarudisha nyuma sekunde mbili tatu, pangaboi linatapika, safari inaendelea. Likikataa kutapika, kuna kisanduku cha chuma nyuma ya boti, juu kabisa ya pangaboi. Unazima injini, unachukua na ufunguo wake uutie mfukoni mwako, unafungua kifuniko cha kile kisanduku, unaingiza mkono kwenye maji yenye baridi ya kukata vidole, unatoa uchafu. Halafu unarudisha kifuniko na kukaza skrubu yake mpaka mwisho. Usipokaza, pangaboi likizunguka linarusha maji juu, na maji yanaingia ndani ya boti. Hakuna aliyetoboa chombo. Chombo kinajizamisha chenyewe.

Safari yangu ya pili nilipanda kwenye boti ya Derek, kiongozi wa msafara, aliyekuwa dereva wa treni kabla ya kustaafu. Boti iliyotufuata nyuma ilikuwa ya Maureen. Alikuwa mwalimu wa hesabu zamani, mjane wa miaka sabini na minne, mwembamba, mwenye sauti ya kukufanya ukae wima. Aliishi peke yake kwenye boti yake, na aliiendesha peke yake. Mimi alinipenda kwa sababu moja: nilikula. Nilikuwa nimebeba unga ambao Mama Upendo aliununua Tooting, na jioni moja nilimsongea ugali kwenye jiko lake la makaa ya mawe. Alisema una ladha ya kitu cha kubandikia karatasi ukutani, akaongeza mara mbili.

Lakini Maureen alikuwa ameanza kusahau. Mwezi uliotangulia aliacha birika kwenye gesi mpaka likaungua. Siku tulipopita Windsor aliacha kwenye ukingo ile nyenzo ya kufungulia malango, ikabidi Derek airudie kwa miguu. Binti yake, Hilary, aliyekuwa anaishi Reading, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba likitokea jambo moja zaidi, boti inauzwa na mama anakwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Maureen mwenyewe ndiye aliyenieleza, huku anamenya viazi, kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

Asubuhi ya siku ninayowasimulia tulikuwa tumefunga boti kwenye malisho juu kidogo ya Marlow. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, mto umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakwenda kasi. Saa mbili Maureen aliniita, pangaboi lake limeshika kitu. Nikafungua kisanduku, nikatoa gunia la plastiki pamoja na majani ya kutosha kumlisha ng'ombe. Nikarudisha kifuniko, nikakiweka vizuri mahali pake. Kabla sijashika skrubu, Derek akaniita kwamba injini yake haiwaki na wenzetu wanasubiri. Nikamjibu nakuja, nikaenda. Ilikuwa waya wa betri tu, umelegea. Nikaukaza, injini ikawaka, Derek akafungua kamba, tukaondoka. Maureen alikuwa amesharudisha mwenyewe ubao wa juu ya kile kisanduku. Akatufuata.

Wanangu, ningependa kuwaambia kwamba nilihisi kitu moyoni. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nakunywa chai na kutazama miti.

Tulikwenda kama nusu saa. Kupanda mto uliojaa kunataka injini ifanye kazi, na Maureen alikuwa ameongeza mafuta kama sisi wote. Niligeuka kumtazama nikaona boti yake imekaa vibaya. Omo, yaani mbele, imeinuka, tezi, yaani nyuma, imezama, maji karibu yafike sitahani aliposimama. Yeye alikuwa amesimama wima na usukani mkononi, hajaona, kwa sababu mtu aliyesimama nyuma ya boti anatazama mbele. Nikapiga kelele. Derek akageuka, akasema neno moja ambalo siwezi kuliandika, akaanza kugeuza boti yetu.

Nilimpigia Maureen kelele atoe gia. Akatoa. Maji yakaacha kuingia kwa nguvu, lakini sasa boti haikuwa na nguvu ya kushindana na mto, ikaanza kurudi nyuma. Na huko nyuma, baada ya kona, kulikuwa na ukuta unaomwaga maji, ule ambao mto mzima unauruka kwenda chini. Nilikuwa nausikia. Derek alimsogelea ubavuni kwa ustadi ambao sijauona tena. Nikarusha kamba, ikaanguka majini. Nikaivuta, nikarusha tena, na Maureen akaidaka kwa mkono mmoja kama kijana wa kriketi, akaizungusha kwenye nguzo ya boti yake. Hakuizungusha mkononi, maana hapo angepoteza vidole. Tukamvuta taratibu mpaka kwenye ukingo wenye mierebi, tukafunga boti zote mbili kwenye miti.

Nikaruka kwenye boti yake, nikainua ubao. Injini ilikuwa imezama nusu. Kifuniko kimekaa upande. Na kando yake, juu ya chuma, kulikuwa na kitambaa changu cheusi cha grisi, nilichokuwa nimekiweka pale nikisema nitakifuata.

Nikakaza skrubu. Kile kitambaa nikakitia mfukoni.

Nimewaambia habari za kifuniko kwa sababu kusahau ni jambo la fundi yeyote. Lakini kile kitambaa sikukisahau. Nilikitia mfukoni kwa makusudi.

Maureen alikuwa amekaa kwenye ngazi za ndani, blanketi mabegani. Nilimwambia kifuniko kilikuwa hakijakazwa. Yalikuwa maneno ya kweli, na niliyachagua vizuri. Akanitazama, akasema polepole kwamba kila asubuhi huwa anakagua kile kifuniko mwenyewe, anakifungua na kukifunga. Lazima leo alikifungua akasahau kukikaza. Nikanyamaza. Derek akamshika bega, akamwambia yameisha, ashukuru Mungu yuko hai. Kisha akatoka nje, na nikamsikia akiongea na Hilary kwenye simu.

Sababu za kunyamaza hazikuniishia. Upendo wetu alikuwa anaanza chuo na anahitaji ada. Mimi ndiye mgeni katika msafara mzima. Karakana itaharibiwa jina. Na mama wa watu kweli alikuwa anasahau, nani angesema hangesahau na hili? Nilizipanga sababu hizo huku natoa maji kwa pampu, na kila moja ilikuwa na miguu ya kusimamia.

Nikampigia Gordon simu kumweleza kuhusu injini, kwamba itahitaji mafuta mapya na mota mpya ya kuwashia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Nani aliyegusa kile kifuniko mara ya mwisho?"

Upande wa pili nilisikia mtu anapiga nyundo karakanani, akapiga mara nne, tano.

"Basi unajua la kufanya," Gordon akasema, akakata simu.

Hilary alifika kabla ya saa sita. Alikuwa mwanamke wa makamo, koti la kazini, viatu vya ofisini vimeloa majani. Hakuwa mtu mbaya. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Tukakaa wote ndani ya boti, yeye, Derek, mama, na mimi karibu na mlango. Hilary alisema kwa upole kwamba wamefika mwisho, kwamba anaweza kuja na gari kubwa kesho kuchukua vitu. Derek akasema wao watamfikishia boti Reading, asihangaike. Nilimtazama Maureen nikingoja ile sauti yake ya darasani. Hakuwa nayo. Alikuwa ameweka mikono yake mapajani, anaitazama kama mikono ya mtu mwingine, na akasema ni sawa, wanasema kweli, yeye si wa kuaminiwa tena na chombo.

Nikatoa kile kitambaa mfukoni, nikakiweka mezani.

Nilisema, "Si yeye. Ni mimi. Nilifungua asubuhi kutoa gunia, nikaitwa, nikaondoka bila kukaza. Kitambaa hiki nilikikuta pale, nikakificha."

Hilary alikitazama kitambaa, Derek akatazama dirishani. Maureen ndiye aliyeongea, na aliongea na mimi tu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipokaza skrubu."

Akatazama saa ya ukutani, akapiga hesabu, kama mwalimu wa hesabu. "Masaa matatu," akasema. "Kwa masaa matatu nimekaa hapa nikiamini kwamba akili yangu imeniacha. Kifuniko ningekusamehe palepale, Elia. Hayo masaa matatu ni yangu, na uliyachukua." Kisha akaniomba nitoke kwenye boti yake.

Nilitoka. Nikaenda kukaa kwenye shina la mwerebi mvua ikininyeshea, nikijua kazi imekwisha, na nikajisikia, Mungu anisamehe, mwepesi. Waswahili wa pwani wana methali, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ni tumbo la chombo, pale maji yanapokusanyika. Nilikuwa nimeisikia miaka mingi bila kujua ngama ni nini. Siku hiyo nilijua.

Hilary alipotoka alisimama mbele yangu. Aliniambia kwamba amenikasirikia sana, na kwamba usiku wa jana tu alilala akimwomba Mungu ampe sababu ya kutomtoa mama yake kwenye boti. Akaenda kwenye gari lake, peke yake.

Kisha akaja Maureen, na mwavuli. Hakunifunika nao. Akasema injini ikishatengenezwa nitahamia kwenye boti yake mpaka Oxford, kwamba kila asubuhi tutakagua kifuniko wote wawili, na aliyekaza atasema kwa sauti, "Nimekaza," na mwenziwe atagusa skrubu kwa mkono wake na kujibu, "Nimegusa." Nikauliza kama bado ananitaka. Akasema hajasema ananitaka, amesema nihamie.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda mpaka Oxford. Siku mbili za kwanza hatukuzungumza ila hayo maneno mawili. Siku ya tatu aliuliza kama unga umebaki.

Niliporudi Brentford, Gordon hakunifukuza. Alinipa kazi ya kusafisha matangi ya vyoo vya boti mwezi mzima, na hakuna chuo kinachofundisha unyenyekevu kama tangi la choo. Halafu akaandika kwa chaki ukutani: nimekaza, nimegusa. Kwa Kiingereza, bila shaka. Mafundi wote waliopita pale baada ya hapo walilazimika kusema hivyo, na wengi walidhani ni ujinga wa wazee. Siku hizi boti nyingine zinatumia umeme, na simu inakuonyesha kina cha mto kabla hujaamka kitandani. Enzi zetu kitu kama hicho hakikuwepo; tuliwauliza walinzi wa malango, na kama hawana hakika tulisubiri. Hata hivyo, simu haijui nani aliyeitwa akaacha kazi katikati. Ukiitwa, malizia kwanza ulichoshika. Aliyekuita hatakufa kwa dakika moja. Na ukikosea, sema palepale, kabla mwenzako hajaanza kulipia kosa lako kwa kitu ambacho huwezi kumrudishia.

Nilikwenda na msafara ule kila mwaka mpaka nilipokaribia kustaafu. Nimeona ukungu ukiinuka kwenye malisho asubuhi, nimekula keki za watu wasio na undugu nami, nimekaa na wazee waliofunga boti zao ubavu kwa ubavu wakiimba kila mtu kwa sauti yake. Nimewahi kumwambia Mama Upendo kwamba Mungu alinipa maji mengi kuliko niliyomwomba nikiwa mtoto. Na hayo yote nimeyapata kwa sababu watu wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, hawakunitupa siku waliyokuwa na haki ya kunitupa.

Maureen aliacha boti akiwa na miaka themanini na mitatu. Hakuambiwa na mtu. Alinipigia simu mwenyewe, akasema mikono haishiki tena usukani kama zamani, na kwamba angependa twende Oxford mara moja ya mwisho. Tulikwenda. Aliendesha yeye karibu njia nzima, na pale kwenye kona ya Marlow alipunguza mwendo, akautazama mto, kisha akaongeza tena mafuta.

Tulirudi Brentford asubuhi ya jua la baridi. Hilary alikuwa anasubiri ukingoni na gari, na mvi kichwani kama mama yake. Nikaruka, nikafunga kamba, nikamnyooshea Maureen mkono. Akautazama, akautikisia kichwa, akashuka mwenyewe, mguu mmoja, akatulia, kisha wa pili. Aliposimama imara juu ya ardhi ndipo akageuka na kuushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Miaka tisa, Elia," akasema.

Nilitaka kumjibu, Kiingereza chote kikanikimbia. Nikasema, "Asante, mama." Hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini aliitikia kwa kichwa, akaniachia, akaenda kwenye gari kwa miguu yake.